Mpini Usiochomoka: Uhakiki wa Istilahi za Upinde wa Matabaka

Makala haya ni uhakiki wa tafsiri moja fupi, ya kurasa tatu tu, iliyofanywa na mwandishi mwenyewe. Si desturi ya mfasiri kujihakiki hadharani. Lakini kosa lililomo katika tafsiri hiyo limewaharibia watu mali yao, na chanzo chake si uzembe wa kupiga chapa, wala si kutoijua lugha ya kigeni. Chanzo ni neno moja la Kiswahili, la zamani, linalojulikana kwa kila mtu, lililotiwa mahali pasipo pake. Neno hilo ni mpini. Kwa kuwa kosa la namna hii laweza kumpata mfasiri yeyote, mwalimu yeyote na mtumishi yeyote wa serikali anayeandika maelezo ya kutumiwa na wengine, nimeona yafaa kulieleza lote.

Kisa chenyewe

Mwalimu wa michezo wa shule moja ya sekondari wilayani Bunda, mkoani Mara, alituandikia kuomba msaada. Katika stoo ya shule yake ulikuwamo upinde wa kigeni, wa mbao zilizong'arishwa kwa vanishi, ulioachwa na mwalimu mgeni miaka mingi nyuma, pamoja na kijitabu cha matunzo. Alitaka kijitabu hicho kifasiriwe ili wanafunzi waweze kukisoma na upinde uanze kutumika tena. Kazi ikaniangukia mimi.

Kijitabu kilikuwa na sehemu ya kueleza dalili za ubovu. Sentensi moja ilisema kwamba tabaka za sehemu ya kati zikianza kuachana, upinde usitiwe upote mpaka utazamwe na fundi. Mimi nikaandika: "Mpini ukilegea, usifunge upote mpaka urekebishwe." Sentensi ni fupi na safi, nami nilijisifu moyoni kwa ufupi wake.

Baada ya wiki kadhaa ikafika barua ya pili. Mwalimu alieleza kwa adabu kwamba walifuata maelezo. Waliona mstari mwembamba umefunguka katika sehemu ya kati, wakajua mpini umelegea; basi wakaurekebisha kama mpini urekebishwavyo. Waliuloweka katika ndoo ya maji usiku kucha ili mti uvimbe na kukaza. Asubuhi waliukuta upinde umefunguka mistari mitatu badala ya mmoja, na bawa lake la juu limekwenda kombo. Aliuliza kama kijitabu kilikuwa na ukurasa mwingine ambao hatukuufasiri.

Hapakuwa na ukurasa mwingine, wala mwalimu hakukosea. Bunda ni nchi ya jembe na pamba. Mtoto wa huko hujua kabla hajaanza shule kwamba jembe likicheza kwenye mpini huloweshwa maji. Mimi nilimwambia kuwa kitu kile ni mpini na kwamba umelegea. Yeye akakitendea mpini yale ambayo mipini hutendewa. Kwa neno moja niliugeuza upinde kuwa jembe.

Kitu kinachotajwa

Kabla ya kulihukumu neno, hapana budi kukijua kitu. Pinde za mikoa yetu, zikiwamo zile zilizotumiwa na wawindaji wa Mara upande wa magharibi wa Serengeti, ni za mti mmoja. Fito hukatwa, hukaushwa, huchongwa ikawa nyembamba kuelekea ncha zote mbili, kisha hutiwa upote, mara nyingi wa kano za mnyama. Hakuna gundi wala kiungo. Mahali pa kushika ni pale tu ambapo mti umeachwa mnene zaidi, pengine pamezungushiwa ngozi.

Upinde wa shule ile ni wa ukoo mwingine. Ni upinde ambao ncha zake zimebinuka kuelekea mbele, mbali na mpigaji, kwa hiyo upote ukiachiwa ncha hizo huongeza msukumo wa mshale. Pinde za umbo hilo ni za kale sana huko Asia, ambako zilitengenezwa kwa mti, pembe na kano. Hizi za mbao na nyuzi za kioo zilienea katika miaka ya 1950 na 1960, hasa kutoka viwanda vya Marekani kama kile cha Bear Archery kilichokuwa Grayling, katika jimbo la Michigan. Mchezo wa upinde uliporudishwa katika Michezo ya Olimpiki mjini Munich mwaka 1972, baada ya kukosekana tangu mwaka 1920, pinde zenye sehemu ya kati ya chuma chepesi zilikuwa zimeanza kuzifuata zile za mbao. Kwa hiyo zilizosalia katika stoo na nyumba za watu sasa ni vitu vya kale, na kwa sababu hiyo hasa zahitaji maelezo yaliyo sahihi: zikiharibika si rahisi kupata nyingine.

Sehemu ya kati ya upinde huo hutengenezwa hivi. Fundi huchukua mbao chache za miti migumu, kama vile mepo na mjozi wa nchi za baridi au bubinga ya Afrika ya Kati, akazipasua na kuzipiga randa mpaka nyuso zake zilingane kabisa. Huzipaka gundi na kuzibana pamoja katika jiliwa, ikawa gogo moja lenye michirizi ya rangi mbalimbali. Miti yenye mafuta mengi, kama mpingo wetu na jamaa zake, hufutwa kwanza kwa dawa ya kuondoa mafuta, la sivyo gundi haishiki. Gogo likisha kukauka huchongwa ncha zake mbili zikawa nyembamba mithili ya karatasi.

Kisha huja hatua ya pili, nayo ndiyo iliyonipita. Gogo hilo huwekwa juu ya kalibu yenye umbo la upinde pamoja na vipande virefu vya mti vyenye unene wa milimita moja au mbili, na juu na chini yake huwekwa utepe wa nyuzi za kioo. Vipande vya upande wa mbele hupita moja kwa moja chini ya gogo. Vile vya upande wa mpigaji hupanda juu ya ncha zake nyembamba. Vyote hupakwa gundi, hubanwa na kupashwa moto mpaka vishikane. Ndipo fundi anapokata kwa msumeno, tupa na msasa mahali pa kiganja na dirisha la kupitishia mshale. Kazi ikimalizika, hakuna mahali ambapo mtu aweza kuweka kidole na kusema: mpini umeingia hapa.

Na kwa nini gogo lisiwe mti mmoja? Sababu ni kadhaa. Pale penye dirisha mti hukatwa karibu na katikati, na hapo unabaki mwembamba ilhali mzigo wote unapita hapo. Upinde wa kawaida wa watu wazima huvutwa kwa uzito wa ratili 45, yaani kama kilo 20. Mti mmoja ukiwa na kifundo au nyuzi zilizokwenda upande, utakatikia papo hapo. Tabaka kadhaa hugawana kasoro zao, na nyuzi zake huweza kupangwa ili ubao mmoja ukitaka kujipinda mwingine uuzuie. Uzuri wa michirizi huja baadaye.

Tukielewa hayo, tutaona pia kwa nini maji yaliuharibu. Mti ukinywa maji huvimba kwa upana, si kwa urefu, na kila aina ya mti huvimba kwa kiasi chake. Katika jembe uvimbe huo ni rafiki, kwa kuwa mti unakaza ndani ya tundu la chuma. Katika gogo la matabaka kila ubao unamvuta jirani yake, na kinachochanika ni gundi iliyo kati yao.

Nomino na vitenzi vyake

Kiswahili si maskini katika jambo hili. Tunayo maneno upinde na uta, na hili la pili ni la zamani sana, lenye ndugu katika lugha nyingi za Kibantu; Wasukuma husema buta na Wakikuyu uta. Tunao upote, mshale, chembe, kigumba, podo na ziaka. Linalokosekana ni jina la katikati ya upinde, na sababu yake si upungufu wa lugha. Katika upinde wa mti mmoja katikati si sehemu ya pekee. Ni mahali tu. Lugha haina wajibu wa kukipa jina kitu kisichokuwapo. Pengo lilifunguka siku kitu kipya kilipoingia stoo ya shule, nami nikaliziba kwa kilichokuwa karibu.

Niliporudi kwenye faili la kazi ile nilikuta niliandika sababu mbili za kuchagua mpini: kwanza, ni sehemu ya kushikwa, pili, ni ya mti. Zote mbili ni kweli. Kosa lilikuwa kulipima neno kwa maana yake peke yake, bila kuviuliza vitenzi vinavyofuatana nalo. Mpini huchongwa, hutiwa, hupigiliwa, hulegea, huchomoka, huloweshwa, hubadilishwa. Vitenzi hivyo haviandikwi katika kamusi, lakini msomaji anavyo mikononi. Nilipoandika neno mpini nilivialika vyote, na kimoja kikaja na ndoo ya maji.

Mwalimu Nyerere, mwenyeji wa Butiama, si mbali na shule hiyo, alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi aliiita Mabepari wa Venisi, kitabu kilichotoka mwaka 1969. Neno bepari halikuingia peke yake; liliingia na hukumu yake na vitenzi vyake, likambadilisha mtu anayetajwa. Tofauti kati yangu na yeye ni kwamba yeye alijua alichokuwa anakialika.

Maneno yaliyopendekezwa

Nilisafiri kwenda Bunda kuuona upinde, nikauchukua mpaka Musoma kwa fundi seremala, na baadaye nikapita Butiama kwa mzee aliyewahi kuchonga pinde ujanani. Nilikuwa na mapendekezo matatu.

La kwanza lilikuwa kishikio. Ni neno zuri na halina hatari ya kuchomolewa. Lakini kishikio ni pale penye kiganja tu, na sehemu tunayoisema ni kubwa kuliko kiganja: ina dirisha, ina kituo cha mshale, ina ncha zinazopotelea ndani ya mabawa. Yafaa libaki, ila kwa sehemu yake ndogo. Mshiko nao niliuacha, kwa kuwa vijana wa leo wanalitumia neno hilo kwa maana ya fedha, na darasa zima lingecheka.

La pili nililipenda mno: shina, na mikono ya upinde iitwe matawi. Shina halipindi, matawi hupinda, shina halichomolewi, na kila mtumishi wa umma amezoea kuyasikia mashina na matawi. Mzee wa Butiama alinisikiliza mpaka mwisho, akaugeuza upinde mikononi mwake, kisha akasema:

"Mwanangu, upinde una shina lake tayari. Ni ule upande uliotoka chini ya mti. Sisi tuliuangalia kabla ya kuchonga. Sasa ukiniambia shina liko katikati, nitachonga nini?"

Sikuwa na jibu. Pendekezo langu lilikuwa limepangika vizuri karatasini, lakini kwa mchongaji lingeharibu neno lenye kazi ili kuokoa jingine lisilo na kazi bado. Nimelifuta.

La tatu ni mhimili. Lina asili ya kuhimili, na ndiyo kazi hasa ya sehemu ile: mabawa yakipinda, yenyewe huhimili. Vitenzi vyake ni kubeba, kusimama, kutikisika, kuvunjika. Hakuna anayechomoa mhimili ili aulowekee mbali. Wapo watakaosema kuwa neno hili ni zito mno kwa mchezo, maana tumezoea kusema mihimili ya dola. Jawabu ni kwamba lilikuwa la nyumba kabla halijawa la dola, na nyumba hailioni zito. Napendekeza basi mhimili wa upinde kwa sehemu yote ya kati, na kishikio kwa mahali pa kiganja. Sehemu mbili zinazopinda ziitwe mabawa. Mikono ingechanganywa na mikono ya mpigaji mwenyewe, ilhali ya mshale huitwa manyoya na hayatagongana na mabawa.

Ama kuhusu matabaka, katika rasimu ile niliandika pia "mpini wa plaiwudi". Hili nalo ni kosa, na fundi wa Musoma alilikataa kabla hata sijamaliza kulisoma. Katika plaiwudi nyuzi za ubao mmoja hulazwa kukingama na nyuzi za ubao unaofuata, ili karatasi lote liwe imara pande zote. Katika upinde nyuzi za tabaka zote hufuata urefu, kwa kuwa nguvu inatakiwa kwa urefu. Anayesoma plaiwudi aweza kwenda dukani akanunua plaiwudi kuziba palipovunjika, na nusu ya tabaka zake zitakuwa zimelala njia isiyofaa. Neno tabaka latosha. Najua kwamba kwa wasomaji wengi neno hilo limejaa siasa, kwa kuwa tulizoea kusikia tabaka la wafanyakazi na tabaka la wanyonyaji. Lakini seremala na mwalimu wa jiografia hawajaacha kulitumia kwa maana yake ya kwanza.

Fundi huyo ndiye aliyenipa istilahi iliyo bora kuliko zote katika makala haya, naye hakujua kuwa anatoa istilahi. Nilimwonyesha mistari iliyofunguka nikasema, "Umepasuka." Akapitisha ukucha ndani ya mstari, akatikisa kichwa.

"Haujapasuka huu. Umebanduka. Ungepasuka ningekwambia uutupe."

Katika maneno hayo machache mna mfumo mzima. Tabaka hubandikwa, kazi hiyo ni ubandikaji, tabaka zikiachana hubanduka, ubovu huo ni mbanduko, na anayetaka kutengeneza upya kwanza hubandua. Kiswahili kimetupa kitenzi na kinyume chake kutoka shina moja la neno, na kwa hiyo jina la kazi linabeba ndani yake jina la kosa. Mpasuko ni jambo jingine: ni mti wenyewe kuachana kwa kufuata nyuzi zake. Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Mtunza stoo akiandika "umepasuka" katika daftari la vifaa, kifaa kitafutwa na kutupwa; akiandika "umebanduka", kitapelekwa kwa fundi.

Sentensi iliyosahihishwa

Sasa naweza kuifasiri upya sentensi iliyoleta hasara: "Tabaka za mhimili zikianza kubanduka, usitie upote na usiuloweshe, upeleke upinde kwa fundi." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na maneno "usiuloweshe" hayamo katika kijitabu cha asili. Wapo wafasiri watakaosema nimeongeza. Nakiri nimeongeza. Mwandishi wa kijitabu hakuwa na haja ya kukataza maji, kwa kuwa neno la lugha yake halikumpeleka msomaji kwenye ndoo. Neno letu lilimpeleka, na nakala ya kwanza ingali mikononi mwa watu. Mfasiri aliyemwonyesha mtu njia mbaya ana deni la kurudi kuweka alama njia panda.

Tangu Baraza hili lilipoundwa kwa Sheria ya Bunge mwaka 1967, na hasa tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutolewa katika miaka ya 1970, tumekuwa na utaratibu mzuri wa kutafuta neno: kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Utaratibu huo wasema tutafute wapi. Hausemi tupime vipi tulichokipata. Mpini ulipita hatua ya kwanza bila kizuizi, kwa kuwa ni Kiswahili safi. Napendekeza basi kila istilahi ya kitu kinachoshikwa, kurekebishwa au kutunzwa iandikwe katika sentensi tano kabla ya kupelekwa kikaoni: moja ya kukitumia, moja ya kukisafisha, moja ya kukihifadhi, moja ya kueleza ubovu wake na moja ya kukitengeneza. Sentensi hizo zisomwe na mtu mwenye kazi hiyo, wala si na mwanakamati. Kama mikono yake itaelekea mahali pabaya, neno lirudi mezani.

Upinde wa Bunda uko Musoma. Fundi amekausha mbao zake kivulini, amebandua tabaka mbili na kuzibandika upya, na amenionya kuwa bawa lililokwenda kombo huenda lisinyooke tena. Upinde utafaa kufundishia majina ya sehemu zake, lakini hautafaa kuvutwa. Mwalimu amekubali. Tafsiri mpya imekwisha kupelekwa shuleni, pamoja na barua ya kuomba radhi.

Maoni ya wasomaji juu ya mhimili, mabawa na mbanduko yatapokelewa kwa shukrani, hasa yakitoka kwa wale ambao hawajapata kuandika istilahi yoyote lakini wamewahi kushika randa.